STAA, GARI KUNGURUMA YENYEWE SIO NGUVU, NI UGONJWA! NA WEWE FUNDI WA SKRUBU, NJOO HAPA

Leo sio habari ya nani kaachana na nani. Leo nina hasira, mnisamehe mapema.

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina tunaliweka kapuni kama kawaida yetu, juzi kati katupia klipu kasimamisha ndinga yake. Mguu hauko kwenye mafuta, lakini mshale wa RPM umeganda karibu na 2,000. Gari inaunguruma yenyewe, jamaa anachekelea, eti mashine yake haitaki kulala. Nilipoandika hapa kwamba ile gari ni mbovu mkanishukia kama mwewe. Mdau mmoja akasema nina wivu, nirudi nikalime mpunga.

Mpunga nalima kweli, niko Dakawa na sioni aibu. Ila kwenye hili la sailensi sitanyamaza, maana kwetu limetaka kuua watu.

Anko wangu ana Noah ya zamani, ile yenye injini ya 3S. Inabeba abiria Dakawa na Morogoro mjini. Ikaanza kunguruma kama trekta la mpunga, ikisimama tu mshale unakaa 1,700. Dereva, ambaye ni binamu yangu na anamfuata huyo staa kila mahali, akasema gari imechangamka. Mimi naona hesabu ya jioni inapungua kwa sababu petroli inaishia kwenye foleni za abiria, yeye ananiambia imechangamka!

Ikapelekwa kwa fundi mmoja, naye simtaji. Hajafungua boneti vizuri, tayari kasema sensa. Anko akatoa 120,000 ikanunuliwa sensa ya mtumba. Mshale haukusogea. Akasema basi ni sensa nyingine. Anko aligoma, ndipo fundi akachukua bisibisi akaenda moja kwa moja kwenye skrubu ya throto, akazungusha mpaka sauti ikashuka kidogo, akapokea hela yake ya ufundi. Nilipouliza ugonjwa ulikuwa nini akanijibu, "Dogo, wewe endelea na umbea wako."

Sasa sikilizeni. Anko alikuwa amemwambia yule fundi kitu kimoja cha ziada: breki zimekuwa ngumu, lazima ukanyage kwa nguvu zote. Fundi akasema hiyo ni kesi nyingine, ilete wiki ijayo.

Haikuwa kesi nyingine! Kwenye gari hizi kuna mpira unatoka kwenye njia ya hewa ya injini, baada ya throto, unaenda kwenye lile dishi jeusi nyuma ya pampu ya breki. Injini inavuta hewa kupitia huo mpira na ndiyo inayokusaidia kukanyaga breki. Mpira ukipasuka, mambo mawili yanatokea kwa pamoja: hewa inaingia kwa mlango wa nyuma, sailensi inapanda, na msaada wa breki unapungua. Yaani gari ilikuwa inapiga kelele kutuambia breki zinaondoka, na sisi tunasema imechangamka.

Wiki ile ile binamu anateremkia daraja la Wami na abiria wamejaa, mbele yake ng'ombe wanavuka. Alikanyaga kwa miguu miwili. Gari ilisimama, kondakta anasema ng'ombe wa mwisho aliweza kumshika mkia kupitia dirishani. Tulicheka usiku. Mchana ule hakuna aliyecheka.

Aliyeigundua ni mzee mmoja wa hapa senta anayetengeneza pampu za maji mashambani. Aliwasha gari, akazima redio, akatutaka tunyamaze. Ikasikika ssss. Akaubana ule mpira kwa koleo taratibu, mshale ukashuka hapo hapo. Mpira mpya na klipu zake haukufika hata robo ya bei ya ile sensa. Kisha akarudisha skrubu ilipokuwa, maana baada ya kuziba tundu gari ilikuwa inazima ovyo. Breki zikawa laini.

Sisemi kila sailensi ya juu ni mpira wa breki. Inaweza kuwa waya wa mafuta umekazwa mno, throto imejaa masizi, gasketi ya manifoldi imekwisha, au vavu ya sailensi imekwama. Na kuna hii tabia ya mafundi wetu kung'oa themostati eti Bongo kuna joto. Injini ikikosa themostati inachelewa kupata moto, hasa safarini, kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inaendelea kumwaga petroli. Halafu unalalamika gari inakunywa! Hata maji ya rejeta yakipungua, sensa ya joto inaweza kudanganya. Kwa hiyo angalia maji, sikiliza mipira, ndiyo uende kwenye mashine ya kupima, na spea inunuliwe mwisho kabisa. Skrubu ya throto imewekwa kiwandani, muiache.

Wewe fundi uliyeniita mmbea, nasikia bado unazungusha. Anko anataka 120,000 yake, na anajua unapokunywa chai.

Na wewe staa, sina wivu na ndinga yako. Una hela ya kumlipa fundi bora nchi hii. Binamu yangu na wenzake wanaokufuata wana Noah za watu zenye roho za watu ndani. Ifute ile klipu, au rudi utuambie ilikuwa na ugonjwa gani.

Wadau, mnaonitukana leo anzeni kwa kutaja mshale wa gari yako unakaa ngapi ikiwa ya moto. Nasubiri kwenye komenti.