Dada Nesi wa Tukuyu, Maliza Chuo Kwanza Ndo Ulifuate Gwanda

Kuna stori imeshika kasi Tukuyu tangu wiki iliyopita, na kama kawaida jina linabaki kabatini. Ni binti wa chuo cha uuguzi, yuko mwaka wa pili wa cheti, ana wafuasi wake wa kutosha TikTok wanaompendea zile video za sare ya nesi na ukungu wa Mlima Rungwe nyuma yake. Sasa katangaza anaacha chuo. Anakwenda kujitolea JKT, na ndoto yake, kwa maneno yake mwenyewe, ni kuwa nesi wa jeshi.

Mtandaoni watu wamegawanyika. Wengine wanampigia saluti za vidole, wengine wanasema ni kiki tu, huyo na baridi la asubuhi kwato wapi na wapi. Swali lenyewe wamelipita pembeni. Mtu anayetaka kuwa nesi jeshini anaachaje unesi miezi michache kabla hajaupata?

Tuanze na haki yake, maana anayo. Huyu binti si mjinga. Kawaona dada zake waliotangulia. Wamemaliza, wana vyeti, wana leseni, halafu mwaka wa pili huu wanajitolea kwenye zahanati kwa nauli ya bodaboda huku wakisubiri ajira za serikali zitangazwe. Zikitangazwa, nafasi chache, waombaji kibao. Mama yake anauza ndizi Kiwira, na ada yote imetoka kwenye hizo ndizi, mkungu baada ya mkungu. Ukikaa hapo ukaona jirani kaingia jeshini, mshahara unaingia kila mwezi na heshima mtaani imepanda, lazima moyo udunde. Anayemcheka kwa hilo hajawahi kukaa nyumbani na cheti ukutani.

Ila hesabu yake ina tundu kubwa.

JKT, iliyoanzishwa mwaka 1963, haiajiri. Kila tangazo la kuchukua vijana wa kujitolea hulisema hilo waziwazi: utapewa mafunzo ya kijeshi, uzalendo na stadi za kazi, lakini ajira siyo ahadi. Vijana wengi wa Mbeya wamepita Itende au vikosi vingine, wamemaliza muda wao na wamerudi nyumbani kulima viazi. Si aibu, ndiyo utaratibu ulivyo. JWTZ ikitaka askari wapya inatangaza yenyewe, na sharti mojawapo ni cheti cha mafunzo ya JKT. Kwa hiyo kuhusu JKT hajakosea hata kidogo, ni mlango halali. Kosa ni kuingia mlango huo mikono mitupu.

Fikiria siku ya usaili. Amesimama na cheti cha kidato cha nne, JKT kapita, mbio anakimbia vizuri. Nyuma yake kuna mstari wa vijana mamia wenye vitu hivyohivyo. Akichaguliwa atapelekwa jeshi linakomhitaji, iwe silaha, iwe stoo, iwe jikoni. Mwaka na nusu wa kujifunza kufunga kidonda hauna mahali pa kuandikwa, kwa sababu hakumaliza. Sasa mweke mwenzake mwenye cheti cha uuguzi na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Jeshi likihitaji wauguzi, huyo ana cha kuonyesha. Lisipohitaji mwaka huo, bado ni nesi. Anaweza kuomba Makandana, Igogwe, Itete, duka la dawa, popote. Yule wa kwanza ana tiketi moja ya bahati nasibu, wa pili ana kazi mkononi na tiketi juu yake.

Halafu kuna ile kauli inayokera: "Cheti tu hicho, jeshini watakufanya uosha vyombo." Nani kasema? Muuguzi wa cheti kasoma miaka miwili, kafanya mtihani wa leseni, na ukweli mchungu ni kwamba ukiugua usiku kwenye zahanati ya kijijini Rungwe, mvua ya huko inapiga na gari la wagonjwa liko Tukuyu mjini, anayekushika mkono ni yeye. Anapima presha, anatundika dripu, anampokea mtoto anayezaliwa. Huo ndio unesi wa vitendo, na kikosi cha jeshi kikiwa porini kinahitaji mtu wa namna hiyohiyo, asiyengoja daktari bingwa ndipo azuie damu.

Kwa mfano, Desemba 2017 kambi ya walinda amani wa Tanzania ilishambuliwa Semuliki, mashariki mwa Kongo. Wanajeshi wasiopungua 14 wa Tanzania waliuawa na makumi wakajeruhiwa. Makumi ya majeruhi ni makumi ya watu wanaohitaji kufungwa vidonda, kutulizwa maumivu, kugeuzwa kitandani, kuoshwa, kuzungumzishwa usiku wakishtuka. Kazi hiyo haifanywi na gwanda. Inafanywa na mtu aliyekaa darasani akaelewa kwa nini kidonda kinaoza. Hata Florence Nightingale, ambaye wanafunzi wa uuguzi humsikia karibu wiki ya kwanza ya chuo, jina lake lilitokana na hospitali ya kijeshi ya Scutari mwaka 1854. Unesi na jeshi ni ndugu wa zamani sana.

Na kuhusu gwanda lenyewe, dada wa watu apunguze. Ile video aliyovaa fulana ya mabaka akicheza aifute leo. Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo wayasalimishe, na mpaka wasanii wakubwa walijikagua makabati. Huwezi kuomba kazi kwenye nyumba ambayo tayari umeivunjia sheria mbele ya wafuasi wako wote.

Kuna na mchumba, ambaye mtandaoni wamemsahau. Sharti la jeshi ni awe hajaolewa. Kijana wa watu, dereva wa noah za Mbeya, inasemekana alishaanza maongezi na wajomba. Haya mambo yanazungumzwa nyumbani mapema, siyo mtu aje kuyasoma kwenye kapsheni.

Kinachotisha kuliko vyote ni yule "mjomba wa makao makuu" anayetajwa kwenye stori hii. Inadaiwa kuna mtu kamwambia binti nafasi ipo, atoe hela ya kusukuma faili. Jamani! Nafasi za jeshi haziuzwi. JWTZ imeonya mara nyingi kuhusu matapeli wa aina hii, na mbinu ni ileile: simu ya usiku, sauti nzito, haraka haraka, usimwambie mtu. Mama wa Kiwira akiuza shamba kwa ajili ya huyo mjomba, hakuna kuruta wala nesi, na shamba limekwenda. Hapa hata mashabiki wanaompigia saluti wangemsaidia zaidi kwa kumwambia aende polisi.

Wasiwasi wake wa umri nao una jibu. Kwenye matangazo ya jeshi kikomo cha umri hupanda kadiri elimu inavyopanda, na JKT huchukua vijana wa kujitolea awamu baada ya awamu. Awamu hii ikimpita akiwa kwenye chumba cha mtihani, hajapoteza kitu. Akitaka mbele ya hapo kusoma stashahada, atasoma, awe ndani ya jeshi au nje. Jeshi lina chuo chake cha sayansi za tiba palepale Lugalo, pamoja na hospitali inayotibu wanajeshi na raia wa kawaida.

Kwa taarifa zilizopo mpaka jana jioni, barua ya kuacha chuo bado haijafika kwa mkuu wa chuo. Imeandikwa, iko kwenye simu, haijachapishwa. Na mama yake bado hajaambiwa.