KAZI ZA MIKONO: Ukuta na Mtungi

Mgeni apendaye kuona kazi za asili za Migori na Homa Bay na aanzie Thimlich Ohinga, kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Kuta zake za mawe, zenye kimo cha meta 1.5 hata 4.5, zadhaniwa kujengwa karne ya 16. Hazina chokaa wala saruji: mawe ya nje na ya ndani yalipangwa, na kati yake vikajazwa vijiwe. Mwaka 2018 UNESCO iliziandika katika Urithi wa Dunia. Lakini waliozijenga hawakuacha maandishi. Fundi atakaye kutengeneza palipobomoka hana budi kufundishwa na ukuta wenyewe.

Mfinyanzi wa Kijaluo, kinyume chake, anayo bahati ya mwalimu aliye hai. Kazi hii ni ya wanawake. Udongo hufinyangwa kwa mkono, bila gurudumu, kisha vyungu huchomwa mahali pa wazi. Wengi hufundishwa baada ya kuolewa, na mama mkwe au mke mwenza. Kwa hiyo mtungi hufuata mtindo wa kule mwanamke alikoolewa, si alikozaliwa.

Basi mama mkwe asipopata wa kumfundisha, mtindo wa mahali pale hukoma naye. Ndoo ya plastiki ni nyepesi, wala aliyeinunua hana lawama. Lakini maji ya mtungi hupoa yenyewe. Anunuaye mtungi mmoja humpa mke kijana sababu ya kuketi na kujifunza.