Iacheni Kerneli Kwenye O2

Vijana wanaokuja kujifunza kazi kwenye karakana yetu ya ruta hapa Dar es Salaam huja na ushauri uleule waliouokota mtandaoni: ukijenga kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, toa O2, weka O3, mashine itakimbia. Naupinga ushauri huo kwa nguvu zote. Nataka hata asiyewahi kuandika programu aelewe kwa nini, maana simu ya Android iliyo mfukoni mwake inaendeshwa na kerneli hiyohiyo.

Kompaila ndiyo inayogeuza maandishi ya mwandishi wa programu kuwa maagizo ya prosesa, na herufi O na kinachoifuata huiambia ijitume kiasi gani kuyaboresha. Kwa O0 haiboreshi karibu chochote. Kerneli ya Linux haijengeki kabisa kwa ngazi hiyo, kwani imeandikwa ikitegemea kompaila iondoe yenyewe vipande visivyofikika. Os hubana ukubwa. O2 ndiyo ya kawaida. O3 hutanua: humwaga mwili wa funksheni moja ndani ya nyingine, hunakili mwili wa kitanzi mara kadhaa ili prosesa isirukeruke.

Kutanua huko kuna gharama. Kashe ya maagizo, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu kabisa na prosesa, mara nyingi ni kilobaiti 32 hivi, na kerneli haiishi humo peke yake. Inaitwa, inapokea pakiti au kusoma faili, inaondoka. Ikinenepa, inayasukuma nje maagizo ya programu iliyoiita. Programu ya video inayozunguka kitanzi kimoja muda mrefu inaweza kufaidika na O3, lakini kazi nyingi za kerneli haziko hivyo. Mwaka 2022 lilipoletwa pendekezo la kuifungulia O3 milango kwa prosesa zote, wakati huo ikiruhusiwa kwa prosesa za familia ya ARC tu, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alilikataa, akikumbusha kwamba O3 ina historia ndefu ya kutoa matokeo mabaya kuliko O2. Baadaye hata ARC ikaondolewa chaguo hilo. Naona ulikuwa uamuzi sahihi.

Lakini linaloniumiza kichwa zaidi si kasi, ni usalama, maana kompaila ikijituma inaweza kufuta hata ulinzi. Julai 2009 ilifichuliwa hitilafu kwenye dereva ya tun, inayotumiwa sana na VPN. Mstari mmoja ulichota soketi kupitia kielekezi (anwani ya kumbukumbu) kiitwacho tun. Chini yake kidogo ukafuata ukaguzi: kama tun ni tupu, rudisha kosa. Kompaila ya GCC ikapiga hesabu zake: kielekezi kimeshatumika, basi hakiwezi kuwa tupu, na ukaguzi hauna kazi. Ikaufuta. Aliyesoma maandishi aliuona ulinzi, prosesa haikuupata. Mtafiti wa usalama Brad Spengler akaonyesha jinsi mtumiaji wa kawaida anavyoweza kupenya hapo na kushika mamlaka yote ya mashine.

Mwandishi alikosea mpangilio, hilo halina ubishi. Hata hivyo waliokuwa wakitunza kerneli hawakuishia kurekebisha mstari ule. Waliongeza amri ya -fno-delete-null-pointer-checks kwenye ujenzi wote, ili kompaila isifute tena ukaguzi wa aina hiyo. Mimi naithamini amri hiyo kuliko asilimia yoyote ya kasi ambayo mtu ataniahidi.

Kwenye ruta zenye hifadhi ya megabaiti 8 tunatumia Os bila mjadala, kwa kuwa kisichoenea hakiwashwi. Kwingine, anayelalamikia kasi namwambia aendeshe perf, zana ya kupima utendaji, kwenye mashine yenyewe, ikiwa na kazi yake ya kila siku, aone muda unapotelea wapi. Mara nyingi ni kusubiri diski, mtandao au kufuli kati ya michakato. Ngazi ya O haigusi hata kimoja kati ya hivyo.

Walimu wa vyuo vyetu, nawaomba jambo moja. Wapeni wanafunzi funksheni ndogo yenye kosa kama lile la tun, waijenge kwa O0 na kwa O2 wakitumia GCC, wafungue matokeo kwa objdump, zana inayoonyesha maagizo ya prosesa, na kuutafuta ukaguzi. Kwa O0 watauona, kwa O2 hawatauona. Kisha waongeze -fno-delete-null-pointer-checks, wajenge upya, walinganishe.