KILA SOMO NI SOMO LA KUSOMA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Shukrani zote ni zake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Wanafunzi wetu wapenzi,

Katika gazeti letu la mwaka huu sisi walimu wenu tunataka kuzungumza nanyi kuhusu kusoma. Huenda mmoja wenu akacheka na kusema: mbona kusoma tunajua tangu darasa la pili? Kweli, herufi mnazijua, za Kiarabu na za Kilatini. Lakini kujua herufi ni kufika mlangoni tu. Kuingia ndani ni kufahamu kilichoandikwa. Na kila somo, liwe Fiqhi, Hisabati au Sayansi, lina maneno yake na namna yake ya kusema. Kwa hiyo rai yetu ni kwamba kusoma kufundishwe katika kila somo, na kila mwalimu, si mwalimu wa lugha peke yake.

Neno moja, maana mbili

Chukueni mfano. Mtoto anaulizwa katika Hisabati: "Tafuta tofauti ya 9 na 4." Anaandika: "9 ni witiri na 4 ni shufwa." Anakosa alama, na hali hakusema uongo! Katika mazungumzo ya nyumbani, tofauti ni kile kinachofanya vitu viwili visifanane. Katika Hisabati, tofauti ni jibu la kutoa, yaani 5. Mtoto huyu kutoa anajua. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha kwamba neno hilo katika somo hili lina maana nyingine. Wa kumwonyesha ni nani kama si mwalimu wa Hisabati mwenyewe?

Katika Fizikia ni vivyo hivyo. Mtu aliyejitwika ndoo ya maji akasimama palepale, nyumbani tutasema anafanya kazi kubwa. Fizikia inasema hakuna kazi iliyofanyika juu ya ndoo ile, kwa kuwa haikusogea.

Na hapa madrasa je? Katika Fiqhi, sunna ni jambo ambalo mwenye kulifanya hupata thawabu na mwenye kuliacha hapati dhambi. Katika elimu ya Hadithi, Sunna ni maneno ya Mtume (s.a.w.), vitendo vyake na yale aliyoyakubali. Mwanafunzi anayechukua maana ya kitabu kimoja akaipeleka katika kitabu kingine atapotea, hata kama sauti yake ni nzuri na matamshi yake ni sahihi.

Kusoma vibaya ni kudhulumu

Msidhani kwamba hasara ni alama za mtihani tu. Tazameni swali hili la mirathi: Mtu amefariki, ameacha mke mmoja, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Ameacha shilingi 2,600,000, naye alikuwa anadaiwa 200,000. Gharama za mazishi zimekwisha lipwa, na hakuacha wasia.

Mwenye kusoma mbiombio huona namba kubwa na majina ya warithi, akaanza kugawa. Mke atampa thumuni ya 2,600,000, yaani 325,000. Mwenye kusoma kwa kituo hulitoa deni kwanza, zikabaki 2,400,000. Mke hupata thumuni, 300,000. Zinazobaki ni 2,100,000: mtoto wa kiume 1,400,000 na wa kike 700,000. Wote wawili wanajua kugawanya. Aliyekosea amekosea katika kusoma, na kwa kosa hilo mwenye kudai amenyimwa haki yake, na maiti amebaki na deni shingoni. Kesho nyinyi ndio mtakaoitwa kugawa mali za watu.

"Muda hautoshi"

Wako walimu wenzetu wanaosema mtaala ni mrefu na muda hautoshi. Tunawaelewa. Lakini mwalimu anayetumia dakika 5 kulichambua swali pamoja na wanafunzi hatalazimika kurudia mada nzima wiki inayofuata. Na jambo hili linawahusu khasa wanaoingia sekondari, kwani hapa Tanzania katika shule nyingi za sekondari masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi huyo ana mizigo miwili: somo lenyewe na lugha ya somo. Mwalimu wa Kiingereza hawezi kumtua yote miwili.

Wala jambo hili si geni. Uingereza, mwaka 1975, kamati iliyoongozwa na Alan Bullock ilitaka kila shule iwe na mpango wa lugha unaopita katika masomo yote. Sisi Waislamu tuna mifano ya zamani zaidi. Wahyi wa kwanza ulianza na amri ya kusoma. Vitabu vya sira vinasimulia kwamba baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, baadhi ya mateka wasiokuwa na mali ya kujikomboa waliwafundisha watoto wa Madina kuandika. Na Zayd bin Thabit (r.a.) aliamrishwa na Mtume (s.a.w.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili awe anazisoma barua zao na kuwajibu. Alijua kusoma tayari, lakini kazi mpya ilimtaka ajifunze kusoma upya.

Mfanye nini?

Kuisoma Qur'ani kwa tajwidi ni ibada, na msiache. Lakini mkifungua kitabu cha somo lolote, fanyeni haya. Kwanza, lisomeni swali mara mbili kabla ya kushika kalamu. Pili, lisemeni kwa maneno yenu wenyewe. Ukishindwa kulisema, hujalifahamu. Tatu, kila somo liwe na kurasa zake za maneno mwishoni mwa daftari, na kila neno liandikwe na maana yake katika somo lile. Nne, ulizeni. Mwanafunzi anayesema "Maalim, neno hili hapa lina maana gani?" hajajidhalilisha, bali amewasaidia na wenzake walionyamaza.

Nasi walimu wajibu wetu ni kulijibu swali hilo kwa uso mkunjufu, katika kila darasa, bila ya kumwambia mtoto akamuulize mwalimu wa lugha.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na atujaalie tuwe wenye kusoma, kufahamu na kutenda. Amin.

Wabillahi tawfiq.