Usalama wa Mtaa Huanza kwa Salamu

Maneno "salamu", "salama" na "usalama" yalichipuka katika shina moja la Kiarabu. Neno "ulinzi" ni la ukoo mwingine. Limetokana na kitenzi "linda". Hata hivyo, katika mazungumzo yetu ya kila siku na katika hotuba za viongozi wetu, "usalama" na "ulinzi" hutumiwa kana kwamba ni visawe. Makala haya yanashikilia kwamba mkanganyo huo una gharama. Mji unaodhani kuwa ulinzi ndio usalama hununua malango, nyaya na mabawabu, kisha hushangaa kuona wakazi wake wangali wanaogopana. Pendekezo langu ni kwamba Kaunti ya Jiji la Nairobi itenge kila mwaka fungu dogo la fedha, lenye masharti makali, la kuwawezesha wakazi wa mitaa kukutana, kujuana na kuushughulikia usalama wao kwa pamoja.

Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 4,397,073 jijini Nairobi. Wengi wao ni wapangaji, na mpangaji ni msafiri. Leo yuko Umoja, kesho Kayole, mtondo Githurai. Watu huishi mlango kwa mlango mwaka mzima bila kujuana majina. Usiku mmoja akipiga ukemi, wengine hukaza makomeo. Katika jengo ninamoishi, upande wa mashariki mwa jiji, wapangaji tumechangia lango la chuma na mshahara wa bawabu mara kadhaa, lakini kikao cha wapangaji hatujawahi kukiita hata mara moja. Silibezi lango. Lakini lango humzuia mgeni tu. Halina la kusema kuhusu mwizi aliye na ufunguo wake na anayelipa kodi kama sisi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hatari iliyopo ni kubwa kuliko wizi wa runinga. Ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa Desemba 2007 ziliwaua zaidi ya watu 1,100 nchini na kuwafurusha malaki kutoka makwao. Kibera na Mathare zilikuwa miongoni mwa sehemu za Nairobi zilizoathirika vibaya, na wako waliofukuzwa na watu waliowajua kwa sura na kwa jina. Funzo hapo ni chungu. Kujuana kwa sura hakutoshi. Lililokosekana ni kikao ambacho watu wamekizoea, ambamo uvumi ungeletwa na kupimwa kabla haujashika rungu. Kikao cha namna hiyo hakiundwi usiku wa moto. Hujengwa miaka ya amani, kwa mambo madogo madogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi hurudi kwenye ufa huo kila baada ya miaka 5.

Huenda msomaji akauliza: Je, si ndiyo maana tukawa na Nyumba Kumi? Mpango huo ulitangazwa mwaka wa 2013, mwaka wa shambulio la Westgate, na wazo lake liliazimwa kutoka Tanzania. Huko, kiongozi wa nyumba kumi alijulikana kama mjumbe au balozi. Mfumo huo ulikuwa pia mkono wa chama tawala na haukukosa kasoro zake, ila jina "balozi" lilibeba dhana ya mtu anayekwenda baina ya watu, anayesikiliza na kusuluhisha. Sisi tuliichukua idadi, tukamwacha balozi. Kwa vijana wengi wa mitaani, Nyumba Kumi ni sikio la serikali, wala si baraza la majirani. Asasi inayomtaka mtu amripoti jirani yake kabla hajapata nafasi ya kumsalimu imeanza kazi kwa nyuma.

Utafiti nao una la kutufunza. Mwaka wa 1997, Robert Sampson, Stephen Raudenbush na Felton Earls walichapisha matokeo ya uchunguzi uliohusisha mitaa 343 ya Chicago na wakazi 8,782. Waligundua kwamba mahali ambapo majirani waliaminiana na walikuwa tayari kuingilia kati kwa manufaa ya wote, ukatili ulikuwa mdogo, hata baada ya umaskini na kuhamahama kwa wakazi kuzingatiwa. Tusiutwike utafiti huo mzigo usio wake. Haukusema kwamba karamu hupunguza uhalifu. Ulisema kwamba imani baina ya majirani ina uzito wake. Kazi yetu ni kuuliza imani hiyo hupatikana wapi. Marekani hiyohiyo, tangu mwaka wa 1984, huwa na usiku maalumu mwezi wa Agosti ambapo wakazi wa mitaa na polisi wao hukutana nje ya nyumba zao.

Hatuhitaji, hata hivyo, kuvuka bahari ili kulijua jambo hili. Kule Makunduchi, Unguja, katika sherehe ya Mwaka Kogwa, wanaume wa pande mbili hupigana kwa makuti ya migomba, na kinyongo cha mwaka mzima kikatolewa hadharani bila damu kumwagika. Lamu, wenyeji wa Mkomani na wa Langoni walishindana kwa ngoma na kwa tungo, na mashindano hayo yaliupa uhasama njia ya kupitia. Hata Nairobi yenyewe ilikuwa na kumbi za jamii katika mitaa ya Pumwani na Kaloleni, ambako watu walikwenda kucheza dansi, kusikiliza hotuba na kubishana. Wazee wetu hawakuyaita mambo hayo mipango ya usalama, lakini yalifanya kazi hiyo.

Wako watakaosema kwamba polisi ni jukumu la serikali kuu, kwa hiyo usalama si kazi ya kaunti. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti taa za barabarani, shughuli za utamaduni, michezo na burudani, pamoja na wajibu wa kuzishirikisha jamii katika utawala wa mashinani. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka wa 2011 nayo iliweka nafasi ya mamlaka ya kaunti ya masuala ya polisi, chini ya uenyekiti wa gavana au mwakilishi wake. Kwa hivyo kaunti haina bunduki, lakini ina taa, ina kumbi na ina viwanja. Vitu hivi vitatu ndivyo mtaa unavyohitaji ili watu watoke nje.

Wengine watauliza, na wana haki kuuliza: Mbona tutumie fedha kwa sherehe ilhali mifereji imekauka? Tupige hesabu. Nairobi ina wadi 85. Tukitenga shilingi 400,000 kwa kila wadi kwa mwaka, jumla ni shilingi milioni 34. Bajeti ya kaunti huzidi shilingi bilioni 30. Kiasi hicho hakifiki shilingi 2 katika kila shilingi 1,000. Hakiwezi kuleta maji wala kuyakausha. Zaidi ya hayo, wakazi waliozoea kukutana ndio watakaoyadai maji kwa sauti moja.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la ufisadi. Tunajua jinsi hafla za umma zinavyogeuka kuwa majukwaa ya wanasiasa, na jinsi hema na viti vinavyokodishwa kwa bei ya nyumba. Ndiyo sababu nikasema masharti yawe makali. Kwanza, ombi liletwe na wakazi wenyewe, wapangaji na wenye nyumba kwa pamoja. Pili, mwanasiasa aje kama jirani. Asiwe mgeni wa heshima wala asipewe kipaza sauti. Tatu, hesabu zibandikwe mlangoni mwa ukumbi, kwa Kiswahili, kabla ya wiki mbili kuisha. Nne, kila mkutano uache kitu nyuma yake: taa iliyorekebishwa, orodha ya nambari za simu za dharura, au kamati ya kuwasindikiza watoto na kina mama njia za giza. Mtaa usioonyesha kilichobaki usipewe fedha mwaka unaofuata.

Hapa ndipo sisi wa Kiswahili tunapoingia. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka umma ushirikishwe katika masuala ya fedha, na Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Lakini makadirio ya bajeti, ambayo kisheria hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, huandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu. Mama muuza mboga anaalikwa kutoa maoni kuhusu waraka asioweza kuusoma. Vyama vyetu vya Kiswahili vina watafsiri, vina waandishi wa ngonjera na waigizaji. Kila mwaka tunatumia nguvu hizo katika makongamano ambamo tunasikilizana wenyewe kwa wenyewe. Nashauri kwamba kabla ya Aprili ijayo kila chama kichague wadi moja iliyo jirani na chuo chake, kitafsiri sehemu ya bajeti inayoihusu, na kiisome mbele ya wakazi wake.

Wakazi hao wakitoka nyumbani kuja kutusikiliza, watasalimiana kwanza. Kwa wengine itakuwa mara yao ya kwanza, na kazi itakuwa imeanza.