Faini Imelipwa, Mbona Deni Haliishi?

Wiki iliyopita, baada ya sala ya Isha, alinijia bwana mmoja wa mtaani kwetu, mkubwa wangu kwa miaka kadhaa. Binti yake aliyeolewa Marekani amejifungua, naye ataka kwenda kumwona mjukuu. Kwa kuwa kazi yangu ni kalamu, aliniomba nimsaidie kujaza fomu ya viza, ambayo siku hizi hujazwa kwa kompyuta.

Tulikwenda vizuri hata tukafika penye suali moja: je, mwombaji amewahi kukamatwa au kuhukumiwa kwa kosa lolote, hata kama alisamehewa baadaye? Mzee akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Maalim, andika la."

Kumbe mwaka 1984, katika ujana wake, alipigana na mwenziwe sokoni. Wakafikishwa kortini, wakatozwa faini, wakalipa. Baadaye walipatana, na mwenziwe huyo ndiye aliyekwenda kumposea mke! Leo mzee huyu ni mtu wa safu ya mbele msikitini, na watoto wake hawajui habari hiyo.

Nilikataa kuandika "la". Kwanza, uwongo ni uwongo, hata akiambiwa mtu wa mbali usiyemjua. Pili, sheria ya Marekani haimfungii mlango kila aliyewahi kutozwa faini. Kosa moja dogo, ambalo adhabu yake kisheria haizidi mwaka mmoja, na mtu hakuhukumiwa kifungo cha zaidi ya miezi 6, kwa kawaida halimzuii. Bangi ina hukumu yake nyingine, tena kali. Lakini anayedanganya ili apate viza aweza kuzuiwa maisha, asipopewa ruhusa maalumu. Basi uwongo wamdhuru kuliko ngumi za 1984.

Hata hivyo, ndugu msomaji, suali lenyewe lanikera. Chuoni tulifundishwa masharti ya toba: kuacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na kumrudishia mja haki yake. Aliyeyatimiza hayo hafai kusimangwa. Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, lakini mipakani huonekana ndwele isiyopona.

Uingereza ina sheria tangu 1974 inayolipa kosa dogo muda wa kukoma, lakini leo sheria hiyo haimkingi mtu mbele ya maofisa wa uhamiaji. Kanada wana utaratibu ulio afadhali: miaka 5 ikipita tangu mtu amalize adhabu yake, aweza kuomba atambuliwe kuwa ametengenea. Hiyo ni toba yenye mlango.

Nasi tujitazame. Vijana wetu wengi wanaotafuta kazi Arabuni hutakiwa cheti cha polisi cha tabia njema, na alama za vidole vyao hupekuliwa. Rai yangu ni kwamba kosa dogo lililokwisha kulipiwa liwekewe muda, kisha lisionekane tena katika cheti. Kijana aliyekosea mara moja asinyimwe riziki hata uzeeni.

Mzee tulimwandikia "ndiyo", na maelezo mafupi. Usiku ule ule alimpigia simu binti yake akamweleza yote. Sasa angoja mahojiano. Afisa atakayempokea namwomba amtazame mtu aliye mbele yake, asimtazame kijana wa 1984.