Mchezo wa baridi: watoto wetu wanajifunza nini kwenye theluji?



Leo tuongee juu ya jambo linaloleta kelele katika nyumba nyingi: michezo ya video. Mtoto anaitwa kula, anajibu "dakika moja, Mama", na dakika inakuwa saa. Baba anasema zima, mtoto ananuna. Sisi mama tunabaki katikati, hatujui kama kile anachokitazama kinamharibu au kinamjenga, kwa sababu hatujakaa naye tukaangalia.

Hatuwezi kuhukumu michezo yote kwa siku moja. Tuchukue mmoja tu, tuufungue kama tunavyofungua kikapu tukitoka sokoni, tuone kilichomo. Unaitwa The Long Dark, yaani Giza Refu. Umetengenezwa Kanada na kampuni ya Hinterland. Watu walianza kuucheza ukiwa bado haujakamilika mwezi wa Septemba 2014, ukatoka kamili tarehe 1 Agosti 2017. Unachezwa kwenye kompyuta na kwenye mashine kama PlayStation, Xbox na Switch. Maandishi yake yanapatikana kwa Kifaransa, kwa hiyo mtoto wa sekondari anaweza kuyasoma na kukueleza.

Habari yake ni hii. Dhoruba ya sumaku kutoka angani imezima umeme na mashine zote katika kisiwa cha kubuniwa kaskazini mwa Kanada. Rubani Will Mackenzie na daktari mwanamke, Astrid Greenwood, wanaanguka na ndege, kisha wanapotezana kwenye theluji. Hiyo ni sehemu ya hadithi. Kuna sehemu nyingine inayopendwa sana, ile ya kuokoka: mchezaji anachagua kuwa mwanamume au mwanamke, anaachwa peke yake porini, na kazi yake yote ni kuiona kesho. Katika sehemu hiyo hakuna mtu wa kupigana naye. Bunduki ya kuwinda ipo kwa anayebahatika kuipata, lakini adui ni baridi, kiu, njaa, uchovu na wanyama. Kwa watoto wetu, ambao wengi wamesikia mlio wa bunduki za kweli, hilo si jambo dogo.

Wala tusiseme theluji ni mambo ya Ulaya tu. Ruwenzori, mlima wetu tunaogawana na Uganda, una theluji na barafu juu kabisa, kwenye kilele cha Margherita chenye mita 5,109.

Kipi kinaua kwanza?

Mchezaji anaonyeshwa alama nne: joto, uchovu, kiu na njaa. Alama moja ikiisha, uzima wa mwili, unaohesabiwa kwa asilimia, unaanza kushuka. Ila hazishuki kwa mwendo mmoja. Baridi inaua kwa masaa, kiu kwa siku chache, njaa polepole zaidi.

Mtoto anayeanza anakimbia kutafuta chakula, kwa sababu njaa ndiyo anayoijua. Anakufa na mkebe wa sardini mkononi. Aliyekwisha kufa mara tatu anatafuta kwanza paa na nguo kavu. Mpango huo ni wa kweli hata nje ya mchezo: binadamu anaweza kukaa wiki kadhaa bila chakula na siku chache bila maji, lakini katika baridi kali, mwili ukiwa umelowa, masaa machache yanatosha. Ndiyo maana mtoto akirudi shuleni amenyeshewa, kwanza tunamvua nguo zilizolowa na kumkausha, kisha ndipo tunampa chai.

Nguo ni nyumba ya kwanza

Hapa ndipo mama atakapoupenda mchezo huu. Mwili umegawanywa sehemu: kichwa, kifua, mikono, miguu, nyayo. Sehemu nyingi zinavaa nguo juu ya nguo. Soksi ni pea mbili, suruali mbili juu ya nguo za ndani, sweta chini ya koti. Nguo ya nje inapokea upepo na theluji, ya ndani inabaki kavu na kushika joto. Kila nguo inapimwa kwa maswali kama haya: inaleta joto kiasi gani, inazuia upepo, inazuia maji, na uzito wake ni kilo ngapi?

Nguo ikilowa, joto lake linapungua. Ukiendelea kutembea nayo nje, inaganda. Inabidi uingie ndani, uivue, uiweke karibu na moto ikauke. Ikichanika, inabidi ushone, na kitambaa cha kiraka unakipata kwa kuchana mapazia na nguo kuukuu. Mchezaji akiendelea sana anatengeneza glavu za ngozi ya sungura, viatu vya ngozi ya kulungu na koti la ngozi ya mbwa mwitu. Ngozi na utumbo vinalazwa ndani siku kadhaa vikauke kabla ya kushonwa, kwa hiyo mwenye haraka hapati koti. Kijana anayekataa kushona kifungo cha shati lake hapa nyumbani anakesha akishona glavu za sungura! Mkumbushe hilo Jumamosi, ukimpa sindano.

Wenye ndugu waliohamia Kanada au Marekani, fundisho hili la nguo juu ya nguo wapelekeeni. Waambieni pia juu ya kitambaa: sufu hata ikipata unyevu bado inashika joto, lakini pamba ikilowa inamwibia mtu joto la mwili. Fulana ya pamba iliyolowa jasho chini ya koti zuri ni hatari wakati wa majira yao ya baridi.

Moto, maji na mzigo

Njiti za kibiriti katika mchezo zinahesabika. Mchezaji mwerevu haziwashi ovyo. Jua likitoka anatumia kioo cha kukuzia kuwasha moto, na akihama anachukua mwenge kutoka moto wa zamani kuanzisha mpya. Anaokota kuni wakati bado anazo nyingine, hangoji ziishe.

Kuyeyusha theluji peke yake hakutoshi. Maji lazima yachemke. Ukiyanywa bila kuchemsha unaweza kupata ugonjwa wa kuhara damu, ukalala siku nzima wakati uliokuwa wa kutafuta chakula. Nyama mbichi pia inaleta ugonjwa wa tumbo, na harufu yake kwenye mkoba inavuta mbwa mwitu. Kila siku tunawaambia watoto kwamba maji yanayong'aa si lazima yawe safi, na wao wanaitika tu. Mchezo unawaonyesha matokeo yake kwa dakika kumi.

Kuhusu mzigo, mtu anabeba kilo 30 bila taabu. Akizidisha, anatembea polepole. Mwanzoni watoto wanaokota kila kitu: mikebe, vitabu, nyundo, viatu vitatu. Halafu dhoruba inakuja na hawawezi kufika. Polepole wanajifunza kuuliza: hiki kitanisaidia leo, kitanisaidia kesho, au ninakibeba kwa sababu tu nimekiona? Mama zetu wanaobeba mizigo mgongoni kutoka bandarini mpaka sokoni wanalijua swali hilo vizuri kuliko mtengenezaji yeyote wa michezo.

"Bado kidogo" ndiyo inayoua

Kama mchezo huu una fundisho moja kubwa, ni hili: anayeokoka ni yule anayerudi mapema, hata kama kuna jasiri kuliko yeye. Mchezaji mzuri anatoka asubuhi, anaangalia mbingu, anajua nyumba au pango la karibu liko wapi, na anageuka wakati nguvu bado ni nusu. Mbaya anaona nyumba nyingine mbele, anasema "bado kidogo". Upepo unageuka, theluji inafunika njia, haoni hata mkono wake. Anakufa hatua chache kutoka mlangoni.

Tena, katika kanuni ya kawaida ya sehemu hiyo, ukikufa kila kitu kinafutwa. Siku hamsini za kazi zinakwenda, unaanza upya. Mtoto analia, kweli analia. Usimcheke. Muulize: ulipaswa kugeuka wapi? Akiweza kujibu, amejifunza kitu ambacho watu wazima wengi, katika biashara na katika deni, bado hatujakijua.

Lakini kuna jambo ambalo mchezo haufundishi

Mama wenzangu, hapa naomba msome polepole.

Katika mchezo, mtu anaingia pangoni au katika kibanda, anawasha moto, analala kando yake, anaamka mzima. Mtoto anaona hivyo mara mia. Halafu usiku wa baridi, kule juu milimani au hata mjini wakati wa mvua, anaona ni sawa kuingiza mbabula chumbani, kufunga mlango na dirisha, na kulala. Na si watoto tu. Hata sisi tunafanya hivyo, hasa penye mtoto mchanga au mgonjwa.

Makaa yanayowaka yanatoa hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Makaa mekundu yasiyotoa moshi nayo yanaitoa, na hapo ndipo watu wanadanganyika. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, mwili kulegea na usingizi mzito. Aliyelala hazioni dalili hizo, anapita kutoka usingizini mpaka kifo. Ukimkuta mtu hivyo, mtoe nje kwenye hewa safi upesi, fungua milango yote, na umpeleke hospitalini hata kama ameanza kuongea.

Kanuni ya nyumba iwe moja: mbabula hailali chumbani na watu. Ikisha kupika, inatoka nje. Kwa baridi, tumia lile fundisho zuri la mchezo wenyewe: mkaushe mtoto, mvalishe nguo juu ya nguo, kofia kichwani, soksi miguuni, blanketi juu, na mtoto mchanga uso wake ubaki wazi. Nguo tatu kavu hazitoi sumu.

Mambo mengine ya mchezo pia si ya kweli. Usingizi unaponya haraka mno. Na mbwa mwitu wa kweli hawamshambulii mtu ovyo namna ile. Watengenezaji wenyewe wamesema kwamba wamebadili tabia zao kwa ajili ya mchezo. Mwambie mtoto hivyo, asije akamwogopa au kumchukia kila mnyama wa porini.

Kuishi na mchezo nyumbani

Ugomvi wa "zima sasa hivi" una dawa. Mchezo huu unahifadhi kazi ya mtoto anapoingia au kutoka katika nyumba, na anapolala. Kwa hiyo usiseme "zima", sema: "Ukifika kwenye nyumba, ingia, kisha uzime." Atakuelewa mara moja, na hatakuwa na kisingizio tena. Tena umeme wetu mnaujua: ukikatika, kila alichofanya tangu alipohifadhi mara ya mwisho kimepotea. Mfundishe kuhifadhi mapema.

Mchezo una ngazi za ugumu. Ya upole inaitwa Pilgrim, na humo wanyama wanamkimbia mchezaji badala ya kumvamia. Anayeanza aanzie hapo. Watoto wadogo bado: kuna damu, kuna maiti zilizoganda, na upweke ni mwingi. Kwa wakubwa, masomo na kazi za nyumbani kwanza, halafu muda mliopatana, saa ikiwa mezani. Anayekwenda kucheza kwa kulipa katika vyumba vya michezo vya mtaani, ujue anakwenda wapi, na nani, na anarudi saa ngapi. Kurudi mapema ni kanuni ya huko pia.

Kwa mkutano wa vikundi vya wiki hii, baada ya likelemba, tuulizane maswali matatu. Je, nani kati yetu amewahi kukaa na mtoto wake nusu saa akitazama anachocheza? Je, mbabula yako inalala wapi usiku? Na katika mambo yako ya sasa, ni wapi unasema "bado kidogo" wakati mbingu imekwisha kugeuka?

La pili lijibiwe kwanza, na lijibiwe usiku huu kabla ya kulala. Majibu ya mengine mtuletee, tutayaongea hapa wiki ijayo. Mungu awalinde na watoto wenu.